Tupeane uzoefu: shule bure, zahanati jirani, lakini mdomo umefungwa. Watu wa Mtwara na Lindi, mliishije?

Kijana wa Chikongola
Wadau habari za jioni. Jana kijiweni nusura watu washikane mashati. Jamaa mmoja kaleta ile picha ya Gaddafi inayozunguka kila mwaka kwenye makundi: umeme bure, matibabu bure, ukioa unapewa nyumba, halafu chini "wakamuua, sasa wanalia". Nusu ya kijiwe ikasema bora mbabe anayelisha kuliko muungwana anayekuacha na njaa. Nusu nyingine ikasema hao hawajawahi kukaa mahali ambapo ukiuliza swali unaitwa.

Mimi nimezaliwa 1994, mengi nimehadithiwa. Nataka wanaojua kwa macho yao. Sitaki nadharia za chuo. Wapi ulipata huduma ukanyang'anywa kauli, na leo ukirudishwa utakubali tena? Tiririkeni.

Machinga Mstaafu
Naweka kambi hapa. Leteni nyama.

Mzee wa Lukaya
Marahaba, wanangu. Huyo Gaddafi mnayemlilia, mimi askari wake nimewaona Lukaya, Uganda, Machi 1979. Alimletea Idi Amin watu na silaha kupigana na sisi. Vijana wa Kilibya wengine walikuwa hawajui hata wako nchi gani. Waliambiwa wanakwenda mazoezini, ndivyo mateka walivyotueleza. Ndege yake ikaja kupiga matangi ya mafuta Mwanza, bomu likaangukia kisiwa cha Saanane likaua swala. Mtu anayekupa umeme bure ndiye huyo huyo anayempeleka mwanao kufa kwenye kinamasi cha Uganda, na mama yake haruhusiwi kuuliza kwa nini. Mimi nimemaliza.

Shabiki wa Jembe
Mzee shikamoo. Kwa heshima zote, hujajibu swali. Tunazungumzia wananchi wake, siyo vita. Yule bwana alichimba mto mzima chini ya jangwa, awamu ya kwanza 1991, maji yakafika miji ya pwani. Sisi huku uwanda wa Makonde tumeteka maji bondeni tangu enzi za babu, na uhuru wetu wa kusema tunao. Tuuseme kwa nani?

Mzee wa Lukaya
Alikuwa na mafuta, na watu wake hawakufika milioni 7. Nipe mimi mafuta hayo na watu hao, nitakuoza wake wawili na nyumba juu. Vyama alivipiga marufuku 1972. Gereza la Abu Salim 1996 wameuawa wafungwa kama 1,200, na ndugu waliendelea kupeleka nguo na chakula getini miaka kadhaa, wanapokelewa, kumbe mwenyewe keshakufa. Hesabu na hiyo kwenye picha yako.

Machinga Mstaafu
Mzee kamaliza kweli, kisha karudi 😂

Mama Salfa
Sikutaka kuandika, lakini hili la "ukiuliza unaitwa" limenirudisha 2018. Vumilieni, ni ndefu.

Kwanza Magufuli haki yake nimpe. Nilikuwa na watoto wawili sekondari. Zamani kila Januari mbuzi anauzwa, na mbuzi akiisha inauzwa baiskeli. Kuanzia Januari 2016 ada ikafutwa mpaka kidato cha nne. Mwaka 2017 salfa tukapewa bure, mikorosho ikapuliziwa vizuri, na msimu huo bei kwenye baadhi ya minada ikapita 4,000 kwa kilo. Watu walijenga. Usinitafute mimi nimtukane Magufuli, hutanipata.

Sasa 2018. Minada inafunguliwa, wanunuzi wanatoa 1,900, mwenye huruma sana 2,700. Wakulima wa Tandahimba na Newala wakagoma. Novemba 12 Rais akatangaza serikali itanunua korosho zote, 3,300 kwa kilo, na jeshi litasomba. Kwetu watu walicheza ngoma mchana. Mjomba wangu alivua kofia akaomba dua palepale mbele ya redio.

Huyu mjomba ndiye aliyenilea. Mnaojua mila zetu mnaelewa: mikorosho ni ya upande wa mama. Yake, ya dada zake, yetu wapwa, zote zilikuwa zinakwenda ghalani kwa jina lake na akaunti yake, halafu anagawa. Hajawahi kumdhulumu mtu. Mwaka ule zilipopimwa pamoja zikavuka kilo 1,500. Na amri ikawa mwenye zaidi ya 1,500 lazima ahakikiwe shamba, ili kuwakamata watu wa kangomba, wale wanaonunua korosho za wakulima kinyemela kwa bei ya kutupa.

Timu ikaja. "Mzee, tuonyeshe shamba." Akawaonyesha moja. La pili liko ng'ambo ya bonde, jua limeshakuwa kali, hawakutaka kwenda. La tatu lilikuwa la marehemu dada yake, karatasi hakuna, maana tangu lini mtu wa kwetu akawa na karatasi ya mkorosho uliopandwa na bibi? Wakaandika kitu pembeni, wakaondoka. Jioni kijiji kizima kinanong'ona kwamba mzee ni kangomba. Mzee ambaye watu wa kangomba wamemnyonya maisha yake yote.

Tukangoja. Jirani alilipwa kabla ya mwaka mpya, kwa hiyo siyo kwamba fedha hazikuwepo. Redio inasema malipo yanakwenda vizuri. Januari watoto wanarudi shule, ada hakuna kweli, lakini sare, daftari, sabuni na nauli haviji na waraka. Muda wa kupalilia ukafika, kibarua halipwi kwa ahadi. Nikamwambia mjomba twende wilayani tukaulize. Akasema, "Mwanangu, ukiuliza zile fedha utaambiwa unampinga aliyezitoa."

Nikaona anatia chumvi. Ukaja mkutano wa kijiji. Kijana mmoja akasimama, kwa adabu kabisa, akauliza waliohakikiwa watalipwa lini. Kesho yake akaitwa. Hakupigwa, hakulazwa ndani, alirudi jioni. Lakini hakusema aliambiwa nini, na kuanzia hapo mkutano ukawa wa kupiga makofi. Ungemwambia nani mwingine? Mikutano ya vyama ilizuiwa tangu 2016. Wabunge wa Kusini walipiga kelele Juni 2018 kuhusu asilimia 65 ya ushuru wa korosho iliyokuwa inarudi kuendeleza zao, tuliona ilivyokwenda yote hazina.

Halafu mjomba akaugua, presha. Zahanati ipo, safi, imepakwa rangi, mganga yupo. Dawa siku hiyo hakuna, nenda ukanunue. Mtu ana tani na zaidi ndani ya ghala, anakopa fedha ya vidonge. Na mwenye fedha ya kukopesha kijijini ni nani? Kangomba. Kwa sharti la korosho za msimu unaofuata. Nilimshika mzee mkono tukaenda kuweka dole gumba kwa mtu wa kangomba, jina lile lile aliloshutumiwa nalo mzee. Hapo ndipo nilipolia, siyo kwa njaa.

Fedha zilikuja 2019 msimu umeshakwenda. 3,300 kamili, shilingi haikupungua. Mjomba akahesabu akasema, "Aliahidi, kalipa," akakataza mtu kumsema. Sawa, kalipa. Ila kosa lilikuwa mstari mmoja kwenye daftari la timu. Swali moja lingelinyoosha asubuhi moja, na swali ndilo lililokuwa haramu.

Dereva wa Ndundu
Kwetu hivyo hivyo. Sina la kuongeza.

Binti Mmwera
Dada pole. Hapo kwenye dole gumba nimesimama kwanza, nikatoka nje nikarudi.

Shabiki wa Jembe
Mama Salfa pole sana, lakini unamlaumu mtu aliyekutetea. Bila yeye ungeuza 1,900. Lawama ni za waliohakiki. Na tuulizane, huo uhuru tulipokuwa nao tulifanyia nini? 2013 mji mzima wa Mtwara umeandamana "gesi haitoki", kila mtu kasema anachotaka, redio zote zimesikia. Gesi imetoka. Bomba limezinduliwa 2015, zaidi ya kilomita 500 hadi Dar. Bora Jembe wetu Magufuli aliyekupa kitu ukiwa kimya.

Kijana wa Ligula
Wewe 2013 ulikuwa wapi? Mei 22 bajeti ya nishati inasomwa, mji unawaka moto, jeshi linaingia. Mama yangu alilala porini na mdogo wangu mchanga. Unaita huo uhuru wa kusema? Tulisema tukapigwa. Kule ni kusema ukapigwa, huku ni kunyamaza ukalishwa nusu. Usituuzie la pili kwa sababu la kwanza lilikuwa baya.

Shabiki wa Jembe
Na nyumba za watu zilizochomwa na waandamanaji nazo ni uhuru?

Kijana wa Ligula
Nimesema hivyo wapi? Soma kwanza.

Dereva wa Ndundu
Tulieni. Mimi nikiulizwa maendeleo nasema barabara. Kabla ya daraja la Mkapa pale mto Rufiji, 2003, tulikuwa tunalala Ndundu tukisubiri pantoni, na baada ya pantoni unalala tena kwenye tope kuelekea Somanga. Abiria wanapika ugali chini ya basi. Daraja lilijengwa wakati wa vyama vingi, magazeti yanatukana kila asubuhi. Kwa hiyo hii habari kwamba lazima ufunge watu midomo ndipo zege lishike, mimi siielewi.

Machinga Mstaafu
Huyu dereva apewe ubunge.

Mwalimu wa Kisomo
Mnaruka mbali, rudini nyuma. Mpimeni Nyerere kwa mizani hiyo hiyo, maana kwake mizani ndiyo inatetemeka kweli. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ni ya 1962, chama kimoja 1965. Wakati huo huo mimi nimefundisha kisomo cha watu wazima kuanzia 1970 chini ya mwembe. Wazee waliokuwa wakitia dole gumba wakaandika majina yao. Wakati wa uhuru watu wazima wengi wa nchi hii hawakujua kusoma. Miaka ya 80 mwanzoni hao wamegeuka wachache. Hilo halikufanywa na soko huria.

Ila korosho, muulizeni mtu yeyote wa rika langu. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000, nyingi zikitoka huku kwetu. Msimu wa 1986/87 hata 17,000 hazikufika. Ugonjwa wa ubwiriunga ulichangia, bei mbovu zilichangia, lakini watu walikuwa wamehamishwa kwenda vijiji vya ujamaa na kuiacha mikorosho mbali, pori likaimeza. Mkulima yeyote angekuambia mkorosho usiopaliliwa unaungua na moto wa pori. Hakuna aliyemuuliza. Bwana shamba aliyejua alinyamaza, maana ukisema kijiji kimewekwa mahali pabaya wewe ni mpinga ujamaa. Mchumi Amartya Sen kaandika kwamba njaa kubwa haiji kwenye nchi yenye uchaguzi wa kweli na magazeti huru, na hoja yake ni hii hii ya Mama Salfa: aliye juu hapati habari. Uchina ya 1959 hadi 1961 maofisa walipeleka takwimu za mavuno hewa huku watu wanakufa.

Shabiki wa Jembe
Mwalimu, Uchina hiyo hiyo ndiyo imewatoa watu mamia ya milioni kwenye umaskini, na vyama vingi haina.

Mwalimu wa Kisomo
Kweli. Baada ya kumruhusu mkulima auze mazao yake. Kale kauhuru kadogo ndiko kalikofanya kazi.

Binti Mmwera
Mwalimu kanigusa kwenye uhamisho. Bibi yangu mzaa mama walihamishwa, upande wetu wa Lindi ndani. Lori lilikuja asubuhi, wakaambiwa ingieni. Wanamgambo wakang'oa paa ili mtu asirudi. Muhogo umebaki ardhini, kuku wengine wamebaki juu ya mti. Walipopelekwa ni mstari wa viwanja kando ya barabara, hakuna kitu, majani marefu. Wakaambiwa zahanati itakuja, shule itakuja, bomba litakuja. Na vyote vilikuja, sisemi uongo, mama yangu kasoma shule ile.

Lakini mvua ya kwanza hawajamaliza kujenga, simba akaingia. Nyumba ya miti na majani, haina mlango, imezibwa na mkeka. Akamchukua mdogo wake bibi, wamelala mkeka mmoja. Bibi alishika mguu. Anasimulia mpaka leo jinsi alivyoshika mguu, akavutwa naye mpaka nje, akaachia alipogonga kisiki. Ana kovu kwenye paji la uso.

Machinga Mstaafu
Weeee.

Kijana wa Ligula
Subhanallah.

Dereva wa Ndundu
Dada usituache njiani. Walimuua huyo simba?

Binti Mmwera
Wanaume walifuatilia asubuhi na mikuki, wakapata nguo tu. Alirudi kijiji cha pili baada ya muda. Wazee wakasema siyo simba wa kawaida, kuna mtu kamtuma, kwa sababu ya ugomvi wa viwanja.

Machinga Mstaafu
SIMBA MTU. Nilijua tu. Kwetu Mchinga kuna mzee alikuwa anavua shati anageuka.

Kijana wa Ligula
Acha uongo wako, ulimwona?

Machinga Mstaafu
Shangazi alimwona.

Mwalimu wa Kisomo
Simba wa Lindi hawahitaji mchawi. Kati ya 1990 na 2004 simba walijeruhi na kuua watu nchi hii, waliokufa peke yao wamezidi 560, na Lindi ni miongoni mwa sehemu zilizoumizwa zaidi. Wanafuata nguruwe pori, nguruwe wanafuata shamba, mkulima anakesha kwenye dungu kulinda mazao. Ndiyo siri yote.

Machinga Mstaafu
Mwalimu unaua utamu.

Mzee wa Lukaya
Tuliwahi kupewa kazi ya kumfuata mmoja, upande wa Liwale. Usilale na mguu nje ya chandarua.

Dereva wa Ndundu
Chandarua kinazuia simba? 😂😂

Mzee wa Lukaya
Nimekuambia usilale na mguu nje.

Kijana wa Chikongola
Jamani uzi wangu! Tunazungumzia utawala. Binti Mmwera, bibi anasemaje kuhusu Nyerere?

Binti Mmwera
Ndicho nilichotaka kusema mkanikatisha na simba wenu. Bibi picha ya Mwalimu anayo ukutani. Ukisema neno baya juu yake anakuondolea sahani. Anasema kabla ya kisomo barua za babu kutoka Dar alikuwa anasomewa na jirani, na jirani alikuwa anaongeza maneno yake. Baadaye akawa anajisomea mwenyewe ndani, kimya. Nikimuuliza na yule mdogo wako je? Anasema yule alichukuliwa na simba. Nikimwambia aliyewapeleka pale ni nani, anainuka kwenda kuangalia ming'oko jikoni.

Mama Salfa
Huyo ni mjomba wangu kabisa, tofauti ni kanga.

Shabiki wa Jembe
Kwa hiyo waliopitia wenyewe wameridhika, mnaolalamika ni wajukuu.

Binti Mmwera
Wajukuu ndio tunaoruhusiwa kulalamika sasa. Yeye alizoea kutoruhusiwa.

Kijana wa Ligula
👏👏

Fundi Cherehani Masasi
Nimechelewa. Ushauri wangu kwa wote: nyamaza, fanya kazi, subiri uchaguzi.

Kijana wa Ligula
Uchaguzi upi fundi? Wa vijiji 2019, ambao wapinzani walijitoa na chama kimoja kikachukua zaidi ya asilimia 99? 2015 Kusini tulipeleka wabunge wa upinzani, wa CUF, angalau kelele zilisikika. Kusubiri kuna mwisho.

Fundi Cherehani Masasi
Basi usinyamaze. Mimi nimetoa ushauri, siyo amri.

Dereva wa Ndundu
Ushauri wa kweli ni huu: usiulize kwa mdomo. Andika barua, peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Ofisa anaogopa muhuri wake mwenyewe kuliko maandamano.

Machinga Mstaafu
Na mimi nasema msiandike chochote, hata humu. Futeni majina ya wilaya.

Mwalimu wa Kisomo
Mmeona? Mikutano ya vyama ilifunguliwa Januari 2023, mtu bado anaogopa kutaja wilaya. Barabara ikiharibika mvua moja unaziba viraka. Hii hofu inachukua muda gani kuziba?

Machinga Mstaafu
Mwalimu mimi natania bwana.

Shabiki wa Jembe
Natia saini hivi: mwenye watoto watatu shuleni na hana ada, msimhubirie uhuru wa vyombo vya habari. Atakuona umeshiba.

Mama Salfa
Mimi ndiye mwenye watoto shuleni, na ndiye niliyekosa pa kuulizia. Usinisemee kaka yangu.

Kijana wa Chikongola
Shangazi, swali la mwisho, mjomba yuko hai?

Mama Salfa
Yupo, na kelele zake zipo. Kila mpwa sasa ana akaunti yake na korosho zinapimwa kwa jina lake, hilo alilisimamia mwenyewe. Kwenye mkutano wa chama cha msingi cha ushirika anauliza makato mstari kwa mstari mpaka katibu anajifanya ana simu. Kura anapiga palepale anapopiga siku zote, na hatutaki tumuulize sababu.

Fundi Cherehani Masasi
Makato mwaka huu kwenu ni shilingi ngapi kwa kilo? Kwetu wanatuzungusha.

Machinga Mstaafu
Na yule simba wa pili alikamatwa au?